Mifuko 50 ikawa 100: chati niliyomjengea mjomba

Mjomba alinipigia saa 5 na robo asubuhi, na mi nikiona simu ya mjomba muda wa biashara najua kuna kitu. Salamu fupi tu halafu akaniambia, "Mjomba, hiyo chati yako leo inafanyaje? Mteja kanunua simenti mifuko 50, mzee wa stoo kapakia 50 gari likaondoka, sasa hivi ananiambia Canter ya pili nayo imetoka na 50 nyingine, anasema meseji imeingia mara mbili." Nikafungua laptop nikaingia kwenye databesi. Kweli bwana. Meseji mbili, maneno yale yale, "Pakia simenti 50 peleka Bunju, mteja kashalipa", zimepishana sekunde 9. Dada wa kaunta anaapa kabonyeza mara moja tu, na alikuwa anasema kweli kabisa, nitaeleza huko chini ilikuwaje.

Tani mbili na nusu za simenti zimeenda kwa mtu ambaye hakuzinunua. Dereva alipigiwa akageuzia njiani, mafuta yakawa yameungua, vibarua walishapakia na inabidi washushe tena na walipwe tena. Kwa hiyo leo nataka niandike kwa kirefu kuhusu chati, yaani programu ya watu kuandikiana meseji, kwa sababu mafunzo karibu yote niliyosoma ya kutengeneza chati ya wavuti yanaishia pale madirisha mawili ya brauza kwenye kompyuta moja yanaandikiana "mambo" "poa" halafu wanasema hongera umemaliza. Pale kazi haijaanza bado. Kutoa meseji kwa huyu kumpelekea yule ni mistari thelathini ya kodi (maandishi ya programu, siyo ya TRA). Kinachobaki chote ni swali moja, mtandao ukikata katikati, hawa watu wawili wanajuaje kipi kimeshasemwa na kipi bado? Mi hilo swali nimelala nalo mwaka na zaidi.

Mazingira yenyewe ni haya. Mjomba anauza vifaa vya ujenzi, duka liko Kariakoo hapa Dar, stoo iko Tegeta, na tawi dogo liko Morogoro. Watu wote kwa pamoja 14. Walikuwa wanatumia grupu la WhatsApp kama kila mtu, na mtu akiniuliza kwa nini usiwaache huko huko jibu langu ni kwamba oda ya nondo za milimita 12 inazama katikati ya salamu za asubuhi na video za mahubiri, na mfanyakazi akiacha kazi anaondoka na simu yake yenye mazungumzo yote na wateja, na mwisho wa mwezi mjomba akitaka kujua nani aliagiza bati geji 28 zitoke tarehe fulani inabidi aanze kusogeza kidole juu mpaka kichefuchefu. Alitaka kitu ambacho oda ni oda, kinabaki dukani, na kinafunguka kwenye brauza ya kompyuta ya kaunta na ya simu yoyote bila mtu kuanza kuinstoli chochote.

Toleo la kwanza nililifanya kwa njia ya kishamba kabisa lakini nilitaka lianze kutumika haraka. Kila simu ilikuwa inaiuliza seva (kompyuta ya kati inayotunza na kusambaza meseji) kila baada ya sekunde 2, "kuna mpya?", seva inajibu "hamna", tena "kuna mpya?", "hamna". Ilifanya kazi. Halafu mzee wa stoo akaniita pembeni akaniambia, kwa upole tu, kwamba bando lake la wiki linaisha Jumatano. Nikakaa nikapiga hesabu ambayo ilitakiwa niipige mwanzo, sekunde 2 kwa masaa 10 ya kazi ni maswali 18,000 kwa siku, kila swali na jibu lake na vichwa vyake vyote vya HTTP (maelezo ambayo brauza na seva zinabeba kila zikiongea) ni kama KB 1, hiyo ni MB 18 kwa siku kwa simu moja hata kama hakuna aliyeandika neno. Kwa siku 26 za kazi unakaribia MB 470. Zinaliwa na "hamna". Mtu ananunua bando kwa hela yake halafu mi namchomea kwa uvivu wangu, hiyo iliniuma na nilimrudishia hela yake ya bando mwezi ule.

Ndo nikahamia websoketi. Kwa ambaye hajawahi kuigusa, wazo lenyewe ni rahisi, brauza inaanza na ombi la kawaida la HTTP lakini ndani yake inasema "naomba tubadilishe lugha", seva ikikubali inajibu kwa namba 101, na kuanzia hapo laini ile ile inabaki wazi, yeyote kati yao anaongea muda anaotaka bila kuulizwa. Utaratibu huu ulipitishwa rasmi Desemba 2011, kabla ya hapo watu walikuwa wanahangaika na ujanja wa kuishikilia pumzi HTTP, unauliza swali na seva inakaa kimya makusudi mpaka ipate cha kukujibu. Uzuri wa websoketi kwa watu wetu ni kwenye uzito. Meseji fupi kutoka kwa simu inabeba mzigo wa ziada wa baiti 6 tu (herufi moja ya kawaida ni baiti 1), ikitoka seva kwenda simu ni baiti 2. "Pakia simenti 50" ni herufi 16 pamoja na nafasi, kwa hiyo kwenye bahasha ya websoketi inakuwa baiti 22, na hata ukiongeza mizigo ya chini ya TCP (utaratibu unaosafirisha data yenyewe) na usimbaji (kuifunga data isisomwe njiani) bado huwezi kuilinganisha na KB nzima ya kuuliza tu kama kuna kitu.

Seva yenyewe niliiandika kwa Node.js (JavaScript inayoendeshwa upande wa seva), na maktaba ndogo ya websoketi inayoitwa ws, mbele nikaweka Nginx (bawabu anayepokea maombi na kuyapitisha kwa seva) na cheti cha bure cha usimbaji cha Let's Encrypt, meseji zinakaa kwenye databesi ya PostgreSQL. Sikutumia Socket.IO, maktaba nyingine ya kazi hii hii, ingawa ni nzuri na inakupa vitu vingi bure, nilitaka nione mwenyewe kila kitu kinapovunjika. Ukiwa na haraka itumie tu, hakuna ubaya. Na watu wanaokuambia lazima uweke Redis (ghala la haraka la kupeana data) katikati na seva tatu tangu siku ya kwanza, tuliza moyo, hiyo ni ya pale unapokuwa na michakato zaidi ya mmoja inayotakiwa kupeana habari. WhatsApp mwaka 2012 walitangaza seva yao moja imeshika koneksheni milioni 2 kwa wakati mmoja, kwa lugha ya Erlang, na mashine yao ilikuwa kubwa sana, sawa, lakini wewe una watu 14.

Sasa siku nilipoiweka hewani, ndani ya nusu saa nikaanza kuona kitu cha ajabu, kila mtu anakatika. Anakatika, anaunganika, anakatika. Kwenye kompyuta yangu haikutokea hata siku moja. Kwenye konsoli ya brauza (dirisha la kuonyesha makosa) inaonekana namba 1006 tu, ambayo maana yake ni kwamba laini imekufa bila hata kuaga. Nikalaumu mtandao, nikalaumu simu, nikabadilisha laini. Usiku ule nikakaa na saa ya mkononi nikihesabu, na niliposhika mtu mmoja asiyeandika chochote nikaona anakatika sekunde ya 60, tena ya 60, tena ya 60. Mtandao wa simu hauna adabu ya kukata kila dakika kamili namna ile, lazima kuna mtu kaweka saa. Na kweli, Nginx ina kitu kinaitwa proxy_read_timeout, kwa kawaida ni sekunde 60, seva ya nyuma isipotoa neno ndani ya muda huo Nginx inaona wamemaliza maongezi inafunga mlango. Kwenye kompyuta yangu hakukuwa na Nginx ndo maana. Mistari hii mitatu kwenye mipangilio ya Nginx ndo ya kuanzia, bila hiyo hata ile 101 huipati:

proxy_http_version 1.1;
proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
proxy_set_header Connection "upgrade";

Halafu la sekunde 60 usilitibu kwa kuongeza namba iwe masaa, watu wengi wanafanya hivyo na unakuwa umeficha ugonjwa. Tibu kwa mapigo ya moyo. Websoketi ina ping na pong zake za ndani, seva inapiga, brauza inaitikia yenyewe. Nikaweka kila sekunde 25, na hilo linasaidia pia kwa mitandao ya simu, maana katikati kuna mitambo inayogawana anwani moja kwa watu wengi na laini iliyonyamaza muda mrefu inasahauliwa kimya kimya.

Lakini kuna kitu kilinichukua muda kukielewa. Zile ping za ndani JavaScript ya kwenye brauza haizioni na haiwezi kuzituma. Seva inajua simu ipo hai, simu yenyewe haijui kama seva ipo. Na simu ndo inayodanganywa zaidi. Unatoka dukani unaingia kwenye lifti ya jengo Kariakoo, mtandao unapotea, brauza haijaambiwa na mtu yeyote, inaendelea kuamini imeunganika, kidoti cha kijani kinawaka, unaandika oda unabonyeza tuma, inaonekana imeenda. Imeenda wapi? Imekaa kwenye bafa ya simu, yaani foleni ya data inayosubiri kutoka. Inaweza kukaa hivyo dakika kadhaa kabla TCP haijakata tamaa. Kwa hiyo nikaongeza mapigo yangu mwenyewe juu ya yale, simu inatuma "upo?" na seva inajibu "nipo", kweli hayo ndo maneno yenyewe yanayopita kwenye waya, na isiposikia "nipo" ndani ya sekunde 8 simu inajifungia laini yenyewe na kuanza upya. Kidoti cha kijani kinawaka kwa sababu mtu kaitikia, siyo kwa sababu hakuna aliyelalamika.

Na ndo hizo sekunde 8 zilizozaa simenti ya Bunju.

Ilikuwa hivi. Dada wa kaunta kabonyeza tuma mara moja. Meseji ikaondoka, ikafika kwenye seva, seva ikaandika kwenye databesi, ikampelekea mzee wa stoo, ikarudisha jibu kwa dada, "nimepokea". Katikati ya kurudi hapo waifai ya duka ikakata, simu ikahamia kwenye data, na lile jibu likapotea. Sasa simama upande wa simu uangalie. Umetuma, hujajibiwa. Kwa macho ya simu, meseji iliyopotea ikienda na jibu lililopotea likirudi vinafanana kabisa, hakuna namna yoyote ya kuvitofautisha, na hii siyo ubovu wa JavaScript wala wa mtandao wetu, ni hali ya asili ya watu wawili wanaoongea kupitia njia isiyoaminika. Ukikaa kimya unaweza kuwa umepoteza oda. Ukirudia unaweza kuwa umeituma mara mbili. Kodi yangu ilisubiri sekunde 8, ikaunganika upya, ikarudia. Sekunde ya 9 mzee wa stoo akaona oda ya pili, na yeye ni mtu wa kazi, akaambiwa apakie anapakia.

Dawa yake ni simu kuipa meseji kitambulisho kabla hata haijaituma. Ukibonyeza tuma, simu inatengeneza namba ndefu ya bahati nasibu (crypto.randomUUID inafanya hivyo, ila lazima uwe kwenye https), inaiweka meseji pamoja na kitambulisho chake kwenye IndexedDB (hifadhi ya ndani ya brauza), ndo inaituma. Ikirudia inarudia na kitambulisho kile kile. Seva ina sheria kwamba kitambulisho hakiwezi kuingia mara mbili, ikikiona tena haimpelekei mtu yeyote, inamjibu tu aliyetuma, "hii ninayo, ni namba fulani". Kwa hiyo simu inaruhusiwa kurudia hata mara ishirini bila madhara. Na meseji inakaa kwenye IndexedDB mpaka jibu lifike, simu ikizima chaji katikati, ikiwashwa tu na chati ikifunguliwa inaendelea ilipoishia. Jedwali la meseji kwenye databesi ni hili:

create table meseji (
  chumba int not null,
  namba bigint not null,
  kitambulisho uuid not null unique,
  mtumaji int not null,
  maneno text not null,
  imefika timestamptz not null default now(),
  primary key (chumba, namba)
);

Angalia hiyo safu ya namba, ina historia yake. Mwanzo niliacha PostgreSQL ijipe namba yenyewe kwa bigserial (namba inayojiongeza moja moja) kama tulivyozoea wote. Mtu akirudi mtandaoni simu yake inasema "mimi nina mpaka 4812, nipe zilizofuata", safi, hakuna kupoteza. Siku moja nikawa najaribu kwa kurusha meseji 500 kwa mpigo huku nakata na kurudisha mtandao, nikahesabu upande wa pili, 499. Nikarudia, 500. Nikarudia, 500. Halafu 498. Aisee niliacha chakula. Kumbe bigserial inatoa namba muamala (kazi moja kamili ya kuandika kwenye databesi) unapoanza kuandika, lakini meseji inaonekana kwa wengine pale muamala unapokamilika, na hivyo viwili havifuatani lazima. Wa 101 kachukua namba kabla, ila wa 102 kawahi kumaliza. Ukiuliza katikati hapo unapewa 102, unaandika kwenye daftari lako "nina mpaka 102", na 101 ikitokea sekunde moja baadaye wewe huiulizii tena milele. Imepotea na hakuna hitilafu yoyote iliyoandikwa popote. Sasa hivi kila chumba (kundi moja la mazungumzo) kina mstari wake kwenye databesi wenye namba ya mwisho, muamala unaongeza moja pale pale na mstari unafungwa mpaka umalize, anayefuata anasubiri foleni. Ni polepole kidogo kuliko bigserial, kwa chati haionekani hata kidogo, na namba zinatoka kwa mpangilio ule ule zinavyoonekana. Kama unajenga kitu cha kupatanisha data popote pale, siyo chati tu, hili liangalie leo.

Mpangilio pia usiuchukue kwenye saa za simu. Kuna simu pale stoo ilikuwa nyuma dakika 11, jibu lilikuwa linatokea juu ya swali. Mpangilio ni ule wa namba ya seva, saa ya simu ni ya kuonyesha tu.

Na tukiwa kwenye saa. Toleo la kwanza lilikuwa linaandika 08:15 kando ya meseji. Siku moja nimekaa na mzee wa stoo (shikamoo, marahaba, kahawa) nikamwona anasoma meseji halafu anageuka kumwambia kijana "hii ya saa mbili na robo", yaani kila meseji moja anaipigia hesabu ya masaa 6 kichwani, siku nzima. Kwa nini afanye yeye wakati kompyuta ipo? Unachukua saa, unaongeza 6, unatoa 12 mpaka ibaki chini ya 12, ukipata sifuri ni 12. Saa 13 inakuwa saa 7, saa 6 ya kompyuta inakuwa saa 12. Kazi ni maneno ya pembeni, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, hapo nilizunguka kuuliza watu jioni inaanza saa ngapi na kila mtu ana jibu lake, mwishowe nikaweka kuanzia saa 10. Na ile mistari ya kutenganisha siku, kompyuta inabadili tarehe saa 6 usiku, lakini mlinzi akiandika saa 8 usiku akili yake bado iko kwenye usiku ule ule, kwa hiyo hizo nimeziandikia "usiku wa kuamkia Jumatano". Ni mistari kumi na tano ya kodi na ndo kitu pekee kwenye programu nzima ambacho watu walinipigia simu kunishukuru.

Kuunganika upya nako kuna adabu yake. Ukiwasha upya seva, simu zote 14 zinakatika sekunde moja, na kama zote zina kanuni ya "subiri sekunde 1 rudi" zitarudi zote kwa mpigo, zikigoma zitarudi tena kwa mpigo. Kwa 14 siyo shida, kwa elfu 14 unaiangusha seva kila ikisimama. Mi zinasubiri sekunde 1, halafu 2, 4, 8 mpaka kikomo cha 30, na kila moja inaongezewa kipande cha bahati nasibu ili zisipangane mlangoni. Simu ikiwa mfukoni brauza inasinzishwa, mapigo ya moyo yanachelewa au kusimama kabisa, kwa hiyo mtu akiifungua tena siamini chochote, naipiga "upo?" hapo hapo na kumpa sekunde 3 tu.

Usalama nitapita haraka ingawa haustahili haraka. Maneno ya mtu yaweke kwenye ukurasa kwa textContent, usiguse innerHTML, mtu akiandika tagi (amri ya kujenga ukurasa) ionekane kama maneno. Anwani ya websoketi ianze na wss:// (iliyosimbwa), usitumie ws:// tupu. Na seva iangalie kichwa cha Origin (kinachosema ombi limetoka tovuti gani) pale mwanzoni, kwa sababu websoketi hailindwi na zile kanuni za brauza zinazozuia tovuti moja kuongea na nyingine, tovuti ya mtu mwingine inaweza kufungua laini kwako ikitumia kuki (alama za utambulisho zinazokaa kwenye brauza) za mtumiaji wako na wewe ukaona ni yeye.

Kulikuwa na Jumapili moja, Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ya ukanda wetu ikalegea kabisa, wengi mnaikumbuka. Jumatatu duka limefunguliwa, kaunta iko Kariakoo, stoo iko Tegeta, kilomita ishirini na ushee kwa barabara moja, na hawawezi kuandikiana. Kwa sababu seva niliiweka Frankfurt. Meseji ya kutoka Kariakoo kwenda Tegeta ilikuwa inavuka bahari mpaka Ujerumani na kurudi, siku zote hizo, na mi nilikuwa naiona kama milisekunde 180 kwenye ping (muda wa kwenda na kurudi) basi. Nilichagua kule kwa bei na mazoea. Wiki ile walirudi kupigiana simu na kuandika kwenye daftari, ile foleni ya kwenye IndexedDB iliokoa oda zilizokuwa zimeandikwa lakini foleni haiendeshi biashara siku nne. Mwezi uliofuata nikahamishia seva hapa hapa Dar, ambako mitandao ya ndani inabadilishana data nchini bila kwenda baharini. Bei iko juu kidogo, mjomba aliuliza mara moja tu nikamweleza akalipa. Ping sasa ni chini ya 20. Nakala ya akiba ya databesi ndo inaenda nje kila usiku.

Nimebakiza alama za meseji. Kasaa kadogo maana yake bado iko kwenye simu yako. Tiki moja, seva inayo na haitapotea. Tiki mbili, imefika kwenye simu ya upande wa pili. Watu waliomba ya tatu, "imesomwa", nikaiweka nikaitoa baada ya wiki mbili, kwa sababu pale stoo simu inakaa mezani imefunguliwa kutwa, chati inasema imesomwa wakati mzee yuko nyuma anahesabu nondo, na kaunta inamwahidi mteja gari limetoka. Badala yake oda ina kitufe kikubwa chenye neno moja, "Napakia", na mtu lazima akibonyeze kwa kidole chake. Kikishabonyezwa, kinaandika nani na saa ngapi, na hakibonyezeki mara ya pili.

Mzee wa stoo anapenda hicho kitufe kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Wiki iliyopita nilikuwa pale, mvua inanyesha, mtandao umekata, oda imeshaingia kabla haujakata, akabonyeza "Napakia" kikatokea kale kasaa. Kijana alishawasha gari. Mzee akamwinulia mkono asubiri, wakakaa wote wawili chini ya bati wanaangalia kioo cha simu, dakika kama mbili hivi, mpaka tiki ikatokea. Ndo akamwambia haya, sogeza gari.

Naendelea na picha za delivari noti mwezi huu, zinahitaji njia tofauti maana huwezi kupitisha picha ya MB 4 kwenye laini ile ile bila kuziba "upo?" na "nipo". Nikimaliza nitaandika nilivyoikata vipande.